Kitwitwi wa mdomo uliopinda: anakula tope la kwetu, lakini idadi yake inaamuliwa na panya wa Siberia

Mkoko Mkavu

Wakuu, habari zenu.

Humu jukwaani mada za wanyama huwa ni simba, tembo na chatu. Leo nawaletea kiumbe wa gramu 60, na visa vyake havipungui vya simba.

Watu wa pwani wanawajua vitwitwi, wale ndege wadogo wanaohangaika kwenye tope maji yakipwa. Wako wa aina nyingi, mimi namzungumzia mmoja tu: Calidris ferruginea. Mtambueni hivi: mdomo mweusi, mrefu, umepinda kwenda chini kuelekea ncha. Miguu myeusi, mirefu kidogo kuliko ya wenzake wa saizi yake, ndiyo maana mara nyingi utamkuta anachokoa akiwa ndani ya maji hadi tumboni wakati wengine wamebaki kwenye tope. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, na akiruka anaonyesha kiuno cheupe pee juu ya mkia. Dar utamwona pale daraja la Selander na Kunduchi. Yupo delta ya Rufiji, yupo Unguja. Kwa ndugu zetu wa Kenya yupo Mida, mlango wa mto Sabaki na delta ya Tana. Mpaka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa anafika.

Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeanguliwa Afrika. Wote wamezaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, na kitovu chao ni rasi ya Taimyr, ambako baridi hufukuza karibu kila kitu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Mida mpaka Taimyr unapata kama kilomita 9,500. Lakini dume akifika huko hamalizi hata miezi miwili. Agosti ameshaanza kurudi kwetu, na haondoki mpaka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Sasa amueni wenyewe nyumbani kwake ni wapi.

Nitaandika kwa mafungu, tuvumiliane.

Chalii wa Bara

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu usije ukawa kama wale wa "itaendelea" halafu tunakutafuta mwaka mzima.

Mkoko Mkavu

Sitoki hapa. Tuanze na chakula.

Mtazame mmoja tu, usitazame kundi. Anachoma tope harakaharaka, anasogea hatua mbili, anachoma tena. Ghafla anazamisha mdomo wote, uso unagusa tope, anatulia. Kisha anaanza kuvuta taratibu. Mnyoo unatoka kidogo, unarudi, anaulegezea, anavuta tena, kwa sababu akilazimisha utakatika na nusu iliyonona itabaki chini. Ukishatoka wote, kama umejaa tope, anausuuza kwenye maji ndipo anameza.

Humo ndani ya tope haoni kitu. Jamii hii ya ndege ina vijishimo vingi kwenye ncha ya mdomo, vimejaa miishio ya neva inayohisi mgandamizo na mtikisiko. Na ncha ya mdomo wa juu inaweza kujiinua peke yake huku sehemu iliyobaki imefungwa, kwa hiyo anamshika mnyoo ndani kwa ndani bila kupanua mdomo mzima kwenye tope zito. Mbali na minyoo anakula vikaa vidogo, konokono wadogo na viluwiluwi vya wadudu.

Kwa kuwa macho hayahitajiki sana, usiku anakula vilevile. Ratiba yake haifuati jua, inafuata maji. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, tope linafunguka mbali na anajichana. Maji mafu yakija, yale yanayopwa kidogo tu, eneo linakuwa dogo, wanabanana. Maji yakijaa wote wanakusanyika mahali pakavu, kwenye fungu la mchanga, kwenye mikoko au kwenye mashamba ya chumvi, wanasimama wakielekeza midomo upepo unakotoka na kusubiri. Huo muda wa kusubiri unaonekana kama uvivu, lakini ukimkurupusha pale unamlazimisha kuchoma mafuta ambayo hana pa kuyafidia mpaka maji yapwe tena.

Kuna kazi nyingine anayoifanya hapa kwetu na wengi hawaijui. Anapofika kutoka Siberia manyoya ya mabawa yamechakaa. Anayabadilisha akiwa huku pwani, machache kwa wakati, kuanzia katikati ya bawa kwenda nje, ili asikose kuruka hata siku moja. Inamchukua miezi kadhaa. Yaani bawa litakalompeleka Siberia limeota kwa minyoo ya Rufiji na Mida.

Binti Kunduchi

Hapo kwenye kumkurupusha umenigusa. Kwetu vijana wanaleta mbwa ufukweni jioni na kuwaachia wawafukuze, watu wanacheka na kurekodi video. Nilijua ni utani tu.

Nahodha Mstaafu

Kijana, mimi nimezunguka maji ya Kilwa na Mafia toka utotoni. Kuna vitwitwi wekundu huwa wanaonekana karibu na kusi kuanza. Wekundu hasa, kifua mpaka tumbo. Halafu unaamka siku moja hawapo. Ni hawa au ni wengine?

Mkoko Mkavu

Shikamoo mzee wangu. Ni hao hao.

Kuanzia Machi wanavaa nguo ya harusi. Kijivu kinaondoka, kichwa, kifua na tumbo vinakuwa vyekundu vya tofali, dume akikolea kuliko jike. Wakati huo huo wanakula kwa pupa. Ndege aliyekuwa na gramu 50 au 60 Januari anaweza kuvuka 80 kabla ya kuondoka, na sehemu kubwa ya nyongeza ni mafuta yaliyolazwa chini ya ngozi na kuzunguka kifua. Mafuta ndiyo petroli yake. Kwa ndege wa jamii yake watafiti wamegundua kwamba karibu na safari firigisi na utumbo vinasinyaa na misuli ya kifua inanenepa, kwa sababu angani hakuna cha kusaga, kuna cha kupiga mabawa tu.

Kusi unaposhika wao wanatoka nao, unawasukuma kwa nyuma kuelekea kaskazini. Mabaharia wa majahazi walikuwa na kalenda hiyo hiyo ya kurudi Arabuni na Uajemi, nadhani wewe unaijua kuliko mimi. Ndege wakifika juu wanapumzika na kujaza mafuta kwenye madimbwi na mabwawa ya chumvichumvi ya Kaspi na Bahari Nyeusi, kisha wanamalizia Siberia, ambako wanaingia mwanzoni mwa Juni theluji ikiwa bado haijaisha.

Watamu Asilia

Hapo naomba nikupinge. Mimi naishi karibu na Mida na huwatembeza wageni kule. Mwezi wa sita na wa saba, vitwitwi wa mdomo uliopinda wapo. Si wengi kama Januari, lakini wapo. Kama wote wameenda Siberia kuoana, hao ninaowaona ni mizuka?

Mkoko Mkavu

Hapana, hujakosea, na nilikuwa nangoja mtu alete hilo. Hao ni vijana. Ndege aliyeanguliwa Siberia mwaka jana anafika kwetu Septemba au Oktoba, na Mei inayofuata wengi wao hawaendi. Wanabaki pwani mpaka wakaribie kutimiza miaka miwili, ndipo waende mara ya kwanza. Safari ni ghali na kijana hana uhakika wa kupata mwenza huko, bora ale tope. Watazame vizuri Juni: hawana ule wekundu, au wana madoa mawili matatu tu, na mabawa yao yamechakaa kuliko ya wakubwa walioondoka.

Wanaporudi wakubwa Agosti utaona tofauti mara moja. Wanakuja na mabaki ya wekundu, kama wamepakwa rangi ikabanduka.

Watamu Asilia

Sawa, hilo la kubaki bila wekundu ni kweli kabisa. Wageni huniuliza kwa nini hawafanani na picha ya kitabuni. Sasa nina jibu.

Chalii wa Bara

Swali la mtu asiyejua bahari. Huku kuna joto, kuna minyoo, kuna maji. Kwa nini asizae hapa hapa? Kilomita elfu tisa kwenda kutaga mayai kwenye barafu ni akili kweli?

Mkoko Mkavu

Twende Siberia basi, jibu liko huko, na ndiko walipo wale panya wa kwenye kichwa cha uzi.

Juni na Julai jua la Taimyr halizami. Theluji ikiyeyuka, tundra, ile nyika ya kaskazini isiyo na miti, inakuwa madimbwi, na kwenye madimbwi wanalipuka mbu na jamaa zao kwa wingi usioelezeka. Kifaranga wa kitwitwi halishwi. Saa chache baada ya kuanguliwa anatembea na kujitafutia mwenyewe, na mdomo wake mfupi hauwezi kuchimba mnyoo kwenye tope la Mida. Anahitaji wadudu laini walio juu ya ardhi, wengi, saa 24 mwanga. Hapo ndipo Siberia inapoishinda pwani yetu, kwa wiki sita hivi tu kwa mwaka.

Mapenzi yao ni ya haraka. Dume anafika, anaruka chinichini akiimba, anawakimbiza majike, anapanda, basi. Halalii yai hata moja. Mwishoni mwa Juni madume wengi wameshaanza kuondoka. Jike anachimba kijishimo kwenye majani na kuvumwani ya tundra, anataga mayai, kawaida manne, ya rangi ya majani yenye mabaka ya kahawia, ncha zote zikielekea ndani. Anayalalia peke yake kama siku 20. Watoto wakiwa na wiki mbili na kitu wanaruka. Mama naye anaondoka, anawaacha. Kwa hiyo wanaotangulia kufika kwetu ni akina baba, kisha akina mama, mwisho kabisa watoto.

Sehemu hii ya tundra iko mbali kiasi kwamba mayai yake yaliwachezea wazungu mchezo kwa muda mrefu. Mwaka 1877 Mwingereza Henry Seebohm alishuka mto Yenisei, moja ya tamaa zake ikiwa kuyapata, akarudi bila. Ni mwaka 1897 ndipo Popham, Mwingereza mwenzake, alipokipata kiota kwenye mlango wa mto huo huo. Wakati huo ndege mwenyewe alikuwa ameshapewa jina la kisayansi miaka zaidi ya 130.

Sasa panya. Kule kuna kijipanya kinene chenye mkia mfupi kiitwacho lemingi. Lemingi wana tabia ya kuongezeka mpaka wanafurika, halafu wanaanguka karibu waishe, halafu wanaanza upya. Mzunguko wa Taimyr umekuwa wa miaka mitatu hivi, wakati mwingine minne. Mbweha wa aktiki anakula lemingi. Ndege anayeitwa skua naye anakula lemingi. Mwaka wa mafuriko ya lemingi mbweha anazaa watoto tele, wote wanashiba, na hakuna anayehangaika na yai la kitwitwi. Mwaka unaofuata lemingi wameanguka, mbweha wamejaa, na matumbo yanadai. Wanapekua tundra hatua kwa hatua, kiota hadi kiota. Mayai yanaisha, vifaranga wanaisha.

Matokeo yake yanaonekana Afrika. Mwaka 1987 Ron Summers na Les Underhill, huyu wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliweka pamoja takwimu za kitwitwi huyu kule kusini mwa Afrika na za bata-bukini weusi wanaozaa Taimyr na kupisha baridi Uholanzi, Uingereza na Ufaransa. Ndege hawa hawana uhusiano wowote. Mmoja anakula majani, mwingine minyoo, na wanakaa mabara mawili. Lakini mwaka bukini wanaporudi Ulaya bila watoto, vitwitwi nao wanafika Afrika bila watoto. Mwaka wa neema ni wa neema kwa wote. Sababu ni mbweha yule yule mwenye njaa.

Kwa hiyo ukienda Mida Novemba ukaona kundi lina wengi wenye kifua cha rangi ya maziwa ya chai na mgongo wenye magamba-magamba, hao ni watoto wa mwaka huo. Jua kwamba Julai iliyopita mbweha wa Taimyr walikuwa wanakula panya. Ukiona kundi zima ni kijivu kitupu, walikuwa wanakula mayai.

Nahodha Mstaafu

Aisee. Yaani mimi nilipowaona wachache mwaka fulani nikasema ni hawa wanaokata mikoko.

Mkoko Mkavu

Mzee, mikoko nayo imo, usiifute. Tofauti ni hii: mwaka mmoja mbaya wa mbweha ndege anaufidia mwaka wa tatu, kwa kuwa anaishi miaka mingi na atajaribu tena. Tope likishafukiwa halina mwaka wa tatu.

Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, walimhamisha kitwitwi huyu, kutoka kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, alikowekwa mwaka 2015, kwenda kundi la walio katika hatari ya kutoweka, linaloitwa Vulnerable kwenye orodha yao. Hakuwa peke yake, siku hiyo walihamishwa ndege wengine kadhaa wa tope. Wanaokwenda Australia wameumizwa zaidi na kufukiwa kwa tope la Bahari ya Manjano, kati ya China na Korea, ambako walikuwa wanajaza mafuta njiani. Wa kwetu hawapiti huko, lakini na sisi tuna mahoteli, mashamba, na mito isiyoleta tena matope kama zamani.

Na tundra inapata joto. Kuna utafiti wa mwaka 2016 juu ya binamu yake mkubwa, Calidris canutus, anayezaa Taimyr hiyo hiyo: theluji ikiyeyuka mapema wadudu wanatangulia, vifaranga wanakuta karamu imekwisha, wanakua wadogo na midomo mifupi. Wakifika Mauritania kula chaza waliojizika, mdomo haufiki. Wengi wanakufa huko Afrika kwa kosa lililotokea Siberia.

Mpiga Debe Mstaarabu

Mada nzuri, lakini mimi ni mtu wa vitendo. Analiwa?

Binti Kunduchi

Gramu 60, toa manyoya, toa mifupa, toa utumbo. Ukimaliza kumkaanga umekula mafuta ya kupikia. Nenda kanunue dagaa.

Mama Tondo

Mimi niko Unguja, upande wa mashariki, tunalima mwani. Hawa tunakuwa nao kila maji yakitoka, tukiinama wao wako pembeni, hawatuogopi kabisa ukienda taratibu. Ninachotaka kujua, hao watoto walioachwa na mama zao Siberia, nani anawaonyesha njia ya kuja huku? Maana hata mwanangu mimi kumtuma Darajani lazima nimwelekeze mara tatu.

Mkoko Mkavu

Bi mkubwa, hakuna anayewaonyesha. Wamezaliwa na mwelekeo na muda wa kuruka ndani yao, na wanautunza kwa jua, nyota na uvutano wa sumaku wa dunia. Mwaka wa kwanza wengine wanapotea, ndiyo maana kuna vitwitwi wa aina hii wamewahi kuonekana hadi Marekani. Lakini akishafika mahali pakamfaa, miaka inayofuata anarudi kwenye eneo lile lile. Inawezekana kabisa mmoja wa hao wanaokuzunguka kwenye mwani mmekuwa wote misimu kadhaa.

Mama Tondo

Haya, nitamwangalia kwa jicho jingine.

Watamu Asilia

Niongeze kidogo kuhusu Mida. Wale A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, hufunga nyavu usiku, wakiwapata vitwitwi wanawapima uzito na urefu wa bawa, wanawavisha pete ya chuma mguuni na kuwaachia. Nimeshika tochi mara chache. Ukimshika Aprili unayaona hayo mafuta aliyoyataja mkuu: wanapuliza manyoya ya kifua yaachane, na chini ya ngozi nyembamba kuna rangi ya manjano imejaa mpaka kwenye shingo. Januari pale pale pana shimo, ngozi na nyama tu.

Chalii wa Bara

Na mtu akimkuta kafa na ana pete afanye nini? Kuna jamaa yangu wa Bagamoyo aliokota mguu wenye pete akautupa, alidhani ni uchawi.

Mkoko Mkavu

Si uchawi. Pete ina namba na imechorwa kwa kifupi jina la taasisi au mji wa kupelekewa taarifa. Ipige picha pande zote, kwa sababu maandishi yanazunguka. Andika tarehe na mahali ulipomwokota, na alikuwa katika hali gani. Kisha tuma kwa walioandikwa pale. Kama pete ni ya Kenya taarifa inaishia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kama ameandikwa Urusi au Afrika Kusini wao wenyewe wana utaratibu wa kupashana habari, na wewe utajibiwa alivishwa wapi na lini. Akiwa hai usimkimbize ili usome, piga picha kwa mbali. Wengine wana vibendera vya plastiki vya rangi mguuni, hivyo vinasomeka kwa kamera ya kawaida.

Chalii wa Bara

Nashuka Dar Desemba. Selander niende saa ngapi nisije nikatazama maji matupu?

Binti Kunduchi

Saa haisaidii, tazama kalenda ya maji. Nenda siku za bamvua, saa mbili hivi baada ya maji kujaa kabisa, tope likianza kufunguka upande wa mikoko. Wanaingia karibu na wewe kisha wanayafuata maji kwenda nje. Ukichelewa utawaona nukta tu. Na mbwa mwache nyumbani.